Mipaka ya wajibu wa afisa ustawi wa jamii kwa mteja

Afisa ustawi wa jamii anawajibika kumtetea mteja, kumtunzia siri na kuheshimu uamuzi wake. Wajibu huo una kikomo: sheria, usalama wa mteja au wa mtu mwingine, na uwezo wa afisa mwenyewe. Tamko la kimataifa la maadili ya taaluma hii, lililopitishwa Dublin mwaka 2018, linavitambua vikomo hivyo na kumtaka afisa amweleze mteja kuhusu mipaka ya usiri.

Mtihani mkubwa ni siri. Nchini Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aitoe kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Msichana wa miaka 14 akisema baba yake wa kambo humwingilia usiku, kisha akaomba mama asijue, afisa hana ruhusa ya kunyamaza. Kosa linaloumiza zaidi ni kumwahidi siri ili aendelee kusema. Shauri likifika Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, mtoto huyo hujiona amesalitiwa, na anaweza kukana yote aliyoyasema. Kwa hiyo maneno haya hutangulia mahojiano: “Mengi utakayonieleza yatabaki kati yetu. Lakini ukiniambia kuna mtu anakuumiza, itabidi nimshirikishe mwingine, na nitakwambia kwanza ni nani.”

Kulazimika kutoa taarifa hakumfanyi mteja kuwa gumzo la mtaa. Anayeambiwa ni mhusika tu, tena kwa kiasi kinachohitajika. Majibu ya kipimo cha VVU, kwa mfano, yanalindwa na sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008, na mwenyekiti wa mtaa anayesaidia kumtafutia mteja makazi hana sababu ya kuyajua.

Huko Marekani, kesi ya Tarasoff ilisukuma mpaka huu mbele zaidi. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya California iliamua kwamba mtaalamu wa tiba ya akili ambaye mgonjwa wake ni tishio kwa mtu fulani ana wajibu wa kuchukua hatua za kumlinda mtu huyo.

Kwa mtu mzima, uamuzi ni wake hata unapomtia afisa uchungu. Mke aliyepigwa akichagua kurudi kwa mumewe, afisa humweleza hatari iliyopo, humpangia namna ya kujiokoa na humwachia mlango wazi. Nyumba hiyo ikiwa na watoto, hesabu inabadilika, kwa kuwa usalama wao hautegemei ridhaa ya mama.

Mpaka mwingine ni ukaribu. Afisa wa hospitali anayepitisha msamaha wa gharama za matibabu hapaswi kushughulikia ombi la shemeji yake. Humkabidhi mwenzake, na alipo peke yake humshirikisha mkuu wake. Mapenzi na mteja hayana mjadala: ni marufuku. Kumpa nauli kutoka mfukoni mwako kunaonekana wema mtupu, ila mteja mwenye deni la fadhila huona shida kulalamika anapohudumiwa vibaya.

Shauri likizidi ujuzi wa afisa, hutoa rufaa. Jalada hufungwa baada ya ofisi nyingine kuthibitisha kwamba mteja amepokewa.