Chuma Katika Mwili wa Binadamu
Mtu mzima hubeba mwilini mwake gramu 3 au 4 za chuma, uzito wa msumari mdogo. Kiasi hiki ni haba, lakini uhai hausimami bila yake. Karibu theluthi mbili yake imo katika himoglobini, rangi nyekundu ya damu, ambayo huchukua oksijeni kutoka mapafuni na kuifikisha katika kila kiungo.

Katika habari za chuma, dawa ilitangulia na elimu ikafuata. Katika karne ya 17 Thomas Sydenham, tabibu wa Uingereza, aliwapa wasichana waliopauka kwa safura unga wa chuma kilichopigwa tupa, uliolowekwa katika mvinyo. Wengi walipata nafuu, wala hapana aliyejua sababu. Mwaka 1746 Vincenzo Menghini wa Bologna, Italia, alichoma damu hata ikawa majivu, akayasogezea sumaku, majivu yakavutwa. Mwaka 1832 Pierre Blaud wa Ufaransa alitoa vidonge vya chuma vilivyoenea katika nchi nyingi. Hivyo ikajengeka imani nyepesi: damu ikipungua, chuma kiongezwe, na kadiri kinavyozidi ndivyo heri inavyozidi.

Imani hiyo ilikuwa nusu ya kweli. Chumvi ikizidi mwilini hutoka kwa mkojo na jasho, ikadhaniwa kuwa chuma nacho kina njia yake ya kutokea. Mwaka 1937 Robert McCance na Elsie Widdowson, wataalamu wa Uingereza, walionyesha kwamba mwili hauna njia ya kukitoa chuma kilichozidi. Kiasi cha miligramu 1 tu hupotea kila siku kwa kubambuka chembe za ngozi na utumbo. Wanawake hupoteza zaidi katika hedhi. Basi mizani yote hushikwa katika mlango mmoja, ule wa kuingilia, uliomo katika utumbo. Mahitaji mengine hutoshelezwa kwa chuma cha zamani. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, kisha huvunjwa katika wengu na ini, na chuma chake hurudishwa katika uboho wa mifupa kuunda chembe mpya. Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini akiba ya chuma ikipita kiasi huliharibu ghala lenyewe, yaani ini, na hata moyo.

Bawabu wa mlango huu alijulikana kati ya mwaka 2000 na 2001, akaitwa hepsidini. Ni protini ndogo itengenezwayo na ini. Akiba ikiwa tele, hepsidini huongezeka na mlango hufungwa. Akiba ikipungua, hepsidini nayo hupungua na mlango hufunguliwa. Tena huongezeka maradhi yanapouvamia mwili, kwa kuwa vijidudu vingi huhitaji chuma ili vizaane, na mwili hukificha visikipate.

Maarifa haya yalipata uzito wake kisiwani Pemba. Huko, penye malaria nyingi na safura nyingi, maelfu ya watoto wenye umri chini ya miaka mitatu walipewa vidonge vya chuma na asidi ya foliki katika uchunguzi mkubwa. Mwaka 2003 utoaji wa vidonge hivyo ulisimamishwa, na matokeo yalitangazwa mwaka 2006: waliopewa chuma waliugua sana au kufa kwa asilimia 12 zaidi kuliko wenzao wasiopewa. Hata hivyo, kundi dogo la watoto lililochunguzwa kwa karibu na kutibiwa malaria mapema lilionyesha jambo jingine: wale waliokuwa na upungufu wa chuma tangu mwanzo walinufaika. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba penye malaria, watoto wapewe chuma pamoja na kinga na matibabu ya ugonjwa huo.

Ilipita zaidi ya miaka 300 tangu mvinyo wa Sydenham hata ikafahamika kuwa mwili unaonyima chuma huenda unajilinda. Tabibu aonapo mtoto mwenye viganja vyeupe hana budi kuuliza kwanza: je, chuma hakikufika mlangoni, ama mlango umefungwa kwa sababu adui yumo ndani?