Injini Kuukuu na Bei ya Kuifungua: Historia ya Gereji Tanzania

Anayenunua gari lililokwisha kutumika miaka kumi na tano huuliza kwanza limetembea kilomita ngapi. Ni swali la maana, ila halitoshi. Gharama ya kutengeneza injini kuukuu nchini Tanzania imeamuliwa zaidi na mambo mawili yenye historia yake: jinsi injini yenyewe ilivyoundwa ili ifunguke, na jinsi fundi alivyojifunza kuifungua. Kwa miongo kadhaa mambo hayo yalikwenda pamoja. Tangu miaka ya 1990 yameanza kuachana, na mwenye gari ndiye anayelipia pengo lililobaki katikati.

Magari yaliyotawala barabara za vumbi kabla na baada ya uhuru wa mwaka 1961 yaliwapa mafundi nafasi. Injini ya petroli ya Land Rover ya lita mbili na robo ilikuwa ya chuma cha kusubu, bloki na hedi pia, kwa hiyo ilivumilia joto na iliweza kuchongwa upya. Peugeot 404, na baadaye 504, zilikuwa na silinda zinazochomoleka: ringi zikilika, gari likaanza kula oili na kutoa moshi wa buluu, fundi alitoa silinda na pistoni za zamani akaweka seti mpya bila kuhitaji mashine kubwa. Na mafundi wenyewe, wengi wao hawakupita chuoni. Walianza kwa kushika spana katika gereji za wafanyabiashara wa Kihindi, karakana za reli na zile za Idara ya Kazi za Umma, kisha wakaenda kufungua kazi zao chini ya miti. Mwanahistoria Joshua Grace, katika kitabu chake African Motors cha mwaka 2021, anawaweka mafundi hao katikati ya historia ya gari nchini, kama watu waliozalisha maarifa, tofauti na simulizi zinazomwona Mwafrika kuwa mpokeaji tu wa mashine za wengine.

Uhaba ndio uliokomaza ufundi huo. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 biashara ya kuagiza bidhaa iliwekwa chini ya mashirika ya umma, na kila kipuri kikahitaji kibali na fedha za kigeni. Bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973, ikapanda tena 1979 wakati nchi inatoka katika vita vya Kagera, fedha hizo zikawa adimu kabisa. Kazi ya mikono ilikuwa rahisi kupatikana, chuma kilikuwa ghali. Katika hali hiyo ovahoo ilikuwa uamuzi wa busara kiuchumi: valvu zilisagwa kwa mkono, gasketi zilikatwa kwa makasi, vyuma vilikerezwa, na gari lililokufa likawa ghala la kuyahudumia yaliyo hai. Gereji bubu, yaani zile zisizo rasmi, ambazo mamlaka za miji zilizitazama kama kero, zilisaidia kuyaweka barabarani mabasi na malori ambayo nchi haikuwa na uwezo wa kuyabadilisha.

Bajeti ya mwaka 1984 iliruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, na milango ikazidi kufunguka katika utawala wa Rais Ali Hassan Mwinyi. Japani ilikuwa na magari ya kutosha. Huko gari jipya la binafsi hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miwili, na gharama za ukaguzi huwashawishi wengi kuuza mapema. Usukani wao uko kulia kama wetu. Lakini ndani ya magari hayo zilikuja injini zenye falsafa nyingine. Toyota 1NZ-FE, iliyomo katika baadhi ya Vitz na IST nyingi, ina bloki ya aluminiamu yenye kuta nyembamba za chuma zilizosubiwa humo humo. Haikukusudiwa kuchongwa upya. Desturi za zamani zikagonga mwamba. Mfano ulio wazi ni thamostati. Kuing'oa ili gari lisichemshe ilikuwa njia ya mkato ambayo, kwenye injini ya chuma yenye kabureta, madhara yake hayakujitokeza upesi. Kwenye injini inayoongozwa na kompyuta, sensa husoma kwamba injini bado baridi, kompyuta huongeza mafuta, na mwenye gari hulipia unywaji wa petroli na ulikaji wa vyuma. Na chanzo halisi cha kuchemka, ambacho huenda ni rejeta iliyoziba au pampu ya maji iliyochoka, hubaki palepale mpaka hedi ipinde.

Wapo watakaosema jibu limekwisha kupatikana: nenda Gerezani au Ilala jijini Dar es Salaam, nunua injini nzima iliyotoka Japani, funga, ondoka. Kwa injini isiyochongeka hoja hiyo ina nguvu, na mara nyingi ndiyo njia nafuu kwa siku hiyo. Lakini mnunuzi hununua pia uchakavu asiouona, kwa kuwa historia ya injini hiyo haiji nayo. Isitoshe, ubadilishaji hauponyi maradhi yaliyoua injini ya kwanza. Fundi asiyejua kwa nini ya kwanza ilichemka ataichemsha na ya pili.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba magari makuukuu yazuiwe tu. Kenya haipokei gari lililozidi miaka minane, Uganda mwaka 2018 ilipiga marufuku kuingiza yaliyozidi kumi na tano, na Tanzania hutoza ushuru wa uchakavu. Sababu za usalama na hewa safi ni za kweli. Hata hivyo, sheria hizo hupima umri wa gari linapoingia, hazipimi litaishi miaka mingapi baada ya hapo. Gari lililoingia na miaka saba litaendeshwa mingine kumi au ishirini, maana kipato cha wengi hakiruhusu vinginevyo, na litazeekea mikononi mwa fundi yuleyule.

Kwa hiyo uwekezaji wenye tija uko kwa fundi. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), iliyoundwa kwa sheria ya 1994, tayari hurasimisha ujuzi uliopatikana kazini. Mpango huo unastahili kufika katika kila gereji bubu, pamoja na vifaa vya kupima kompyuta za magari na vitabu vya injini hizi kwa Kiswahili. Kizazi cha Peugeot kilimudu gharama kwa sababu kiliifahamu mashine yake kwa undani. Kizazi cha sasa kinadaiwa nafasi hiyohiyo ya kuifahamu ya kwake.