Kikapu cha Singida mtandaoni: Mambo yanayomvuta mteja

Kwenye skrini ya simu, kikapu kilichosukwa kwa mkono siku tatu na kile cha plastiki cha dukani vinaweza kuonekana kama ndugu. Mteja hawezi kukishika wala kukinusa. Anaona picha na maneno machache tu, na hapo ndipo msusi wa Ikungi au Iramba anapopitwa na dalali anayenunua kwa bei ya mnadani, kisha anauza Dar kwa picha kali zaidi.

Cha kwanza ni jina la mahali. Wapenzi wa mapambo ya nyumbani wanavijua vikapu vya milulu vya Iringa. Anayeposti "kikapu cha asili, bei njoo inboksi" kutoka Singida anaitangazia Iringa bure kabisa! Maelezo yanayouza hutaja kijiji, malighafi (katani, nyasi au ukindu), rangi ilikotoka na siku zilizotumika kusuka.

Kwenye picha, Singida imebarikiwa. Miamba ya granite imejaa mjini na vijijini, na ule ujivujivu wake ni mandhari safi ya kuwekea kikapu cha rangi. Hakuna haja ya studio. Jua la saa sita mchana ndilo adui, linafifisha rangi na kuleta kivuli kizito. Asubuhi, jioni au chini ya mti panatosha. Picha moja ionyeshe kikapu kizima, nyingine mshono kwa karibu, na nyingine kikiwa kimebeba kitu, mathalani vitunguu, ili ukubwa uonekane bila kubahatisha.

Vipimo vya sentimita viandikwe hata hivyo. Kutoka Singida hadi Dar ni takriban kilomita 700, na mzigo ukirudishwa kwa sababu "nilidhani ni kikubwa", nauli ya kwenda na kurudi inakula faida yote.

Halafu kuna woga wa kutapeliwa. Wateja wengi wameshalizwa mtandaoni, wametuma pesa na mzigo haukuja. Video ya sekunde 20 ya mikono ikimalizia kikapu kilekile kinachouzwa inasaidia kuliko maneno "muuzaji mwaminifu". Lipa namba yenye jina linalofanana na la ukurasa wa Instagram au WhatsApp nayo inapunguza maswali.

Bei iandikwe wazi, ila kwanza ipigiwe hesabu. Chukua mfano wa kikapu kinachouzwa Sh15,000, malighafi Sh4,000, kazi siku tatu. Inabaki Sh11,000, yaani chini ya Sh3,700 kwa siku, na bado hapajatolewa bando wala nauli ya kufika stendi. Anayeshusha bei ili kumfurahisha mteja anajikata mshahara mwenyewe.

Ujanja mwingine uko kwenye usafirishaji. Vikapu vitatu vya ukubwa tofauti vinaingia kimoja ndani ya kingine, hivyo seti nzima inachukua nafasi ya kikapu kimoja kwenye buti la basi. Vyungu havina bahati hiyo, vinataka maboksi na majani makavu. Kikapu nacho kikaushwe vizuri kabla ya kufungwa, maana kikisafiri na unyevu ndani ya nailoni, mteja atafungua mzigo akutane na ukungu.