Jiko la Frankfurt: Nyumba za Watu Wengi Zilivyopimwa kwa Hatua za Mpishi

Somo la Sita katika masomo ya redio kwa watu wazima juu ya majumba ya Ulaya. Maneno yake yamepigwa chapa hapa kwa ajili ya vikundi vya wasikilizaji, na kwa wasomaji ambao hawakuwahi kulisikiliza.



Katika somo lililopita tuliona jinsi chuma, kioo na simiti vilivyobadili kazi ya ujenzi katika Ulaya. Mtawakumbuka wale watunza bustani wawili. Wa kwanza ni Mwingereza Joseph Paxton, aliyechora jumba kubwa la chuma na vioo lililofunguliwa mjini London mwaka 1851. Wa pili ni Mfaransa Joseph Monier, aliyetia nyuzi za chuma ndani ya simiti ili vyombo vyake vya kupandia maua visipasuke, akapata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1867. Basi mafundi walikuwa wamekwisha kupata njia ya kujenga upesi na kwa nguvu. Lakini kujua namna ya kujenga ni jambo moja. Kujua unamjengea nani ni jambo jingine. Leo tutaingia katika jiko moja dogo la Ujerumani, tuone jinsi swali hilo lilivyojibiwa.

Kwanza nakuomba ufanye kazi kidogo. Fikiri juu ya jiko la nyumbani kwako. Tangu maji yalipo mpaka motoni ni hatua ngapi? Tangu motoni mpaka mahali pa kulia ni hatua ngapi? Yule anayepika huinama mara ngapi kabla chakula hakijaiva? Weka hesabu hiyo akilini, maana tutairudia.

Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha mwaka 1918, Ujerumani ilikuwa na upungufu mkubwa wa nyumba. Kwa miaka minne hapakujengwa nyumba nyingi, na askari walirudi, wakaoa, wakataka mahali pa kukaa. Katika miji mikubwa jamaa nzima iliweza kukaa katika chumba kimoja au viwili, bila jua wala hewa safi. Katiba mpya ya mwaka 1919 ilitaja kwamba serikali ijitahidi kumpatia kila Mjerumani makao yenye afya. Hayo yalikuwa maneno mazuri, lakini fedha zingetoka wapi?

Jibu lilitokana na msiba. Mwaka 1923 fedha ya Ujerumani ilianguka hata ikawa karatasi tupu. Mtu aliyekuwa na deni juu ya nyumba yake aliweza kulilipa kwa fedha isiyotosha kununua mkate. Hivyo wenye nyumba za zamani wakajikuta hawana deni tena, na wale waliowakopesha wakapoteza mali. Mwaka 1924 serikali ikaamua kutoza kodi juu ya nyumba hizo za zamani, na sehemu ya kodi hiyo ikatumiwa kujenga nyumba mpya.

Katika mji wa Frankfurt, meya aliyeitwa Ludwig Landmann aliitumia nafasi hiyo vema. Mwaka 1925 alimwita Ernst May, mchora ramani za majumba, akampa madaraka juu ya ujenzi wote wa mji. Katika muda wa miaka mitano, May na wenzake walijenga nyumba zaidi ya 10,000. Walifanya kazi kama kiwanda kifanyavyo. Milango, madirisha na vitasa vilitengenezwa kwa vipimo vya namna moja. Katika mtaa wa Praunheim, kuta za nyumba nyingine zilimwagwa kiwandani kwa vipande vikubwa vya simiti nyepesi, kisha winchi ikaviinua na kuvipanga. Paa zilikuwa bapa, kuta hazikuwa na mapambo, na nyumba nyingi zilipewa bustani ndogo ya kupandia mboga.

Nyumba hizo zilikuwa ndogo, kwa hiyo kila shubiri ya sakafu ilikuwa na thamani. Hapo ndipo mwaka 1926 May alipomwita kutoka Vienna mwanamke mmoja, Margarete Lihotzky, ambaye baadaye alijulikana kama Schütte-Lihotzky. Alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Austria kusomea uchoraji wa majumba. Alipewa kazi ya kuchora jiko.

Bibi Lihotzky alisoma maandishi ya Christine Frederick wa Marekani, aliyechunguza kazi za jikoni kama mabwana wa viwanda walivyochunguza kazi za mashine: kila tendo linachukua muda gani, na mpishi anapiga hatua ngapi. Kadhalika alitazama jiko la behewa la chakula katika treni, ambamo wapishi hulisha watu wengi katika nafasi nyembamba sana. Kisha akachora jiko lenye upana wa karibu mita 1.9 na urefu wa mita 3.4. Mpishi aliweza kukaa juu ya kigoda kinachozunguka, mbele ya dirisha, akakata mboga, na maganda yakaangukia katika saraka iliyo chini ya meza. Ubao wa kupigia pasi ulikunjwa ukutani. Mchele na sukari vilitiwa katika visanduku vya alumini vyenye mdomo wa kumiminia, kila kimoja kikiwa na jina lake. Saraka ya unga ilikuwa ya mti wa mwaloni, kwa sababu mti huo huzuia wadudu. Kuta na makabati yalipakwa rangi ya buluu, maana wataalamu walisema inzi hawaipendi. Mlango wa kusukuma kando uliunganisha jiko na chumba cha kulia, ili mama awaone watoto wake, na pawe na mita tatu tu tangu jiko mpaka meza ya chakula.

Kiasi cha majiko 10,000 ya namna hiyo yalitiwa katika nyumba za Frankfurt. Ukiona leo jiko lenye makabati yaliyopangwa mfululizo ukutani, jua kwamba asili yake moja ni hilo.

Sasa tuseme na upande wa pili, kwa kuwa historia haisomwi kwa sifa tupu. Jiko hilo lilimtosha mtu mmoja tu. Binti akitaka kumsaidia mama yake, walisongamana. Jamaa waliozoea kukaa na kula jikoni, penye moto, hawakupata tena nafasi hiyo. Watoto wadogo waliweza kuvifikia vile visanduku vizuri vya alumini na kumwaga vilivyomo. Bibi Lihotzky mwenyewe alikiri baadaye kwamba alipochora jiko hilo alikuwa hajawahi kuendesha nyumba wala kupika. Alipima hatua kwa uangalifu mwingi, lakini hatua si maisha yote ya jikoni. Tena, kodi ya nyumba hizo ilikuwa juu. Waliohamia wengi walikuwa makarani na mafundi wenye mshahara wa kutosha. Maskini kabisa, ambao kwa ajili yao maneno mengi yalisemwa, walibaki mahali pao pa zamani.

Kazi yenyewe haikudumu. Shida ya fedha ya dunia nzima ilianza mwaka 1929, na mwaka 1930 May akaenda Urusi pamoja na kundi la wenzake, Bibi Lihotzky akiwa mmoja wao, kupanga miji mipya ya viwanda. Mwaka 1933 Hitler alishika serikali. Meya Landmann, aliyekuwa wa ukoo wa Kiyahudi, akaondolewa, na mwaka 1945 alikufa mafichoni Uholanzi. Bibi Lihotzky alijiunga na waliompinga Hitler, akakamatwa mwaka 1941, akakaa gerezani mpaka vita ilipokwisha. Alikufa mwaka 2000, siku chache kabla ya kutimiza miaka 103.

Je, May alikwenda wapi? Alikuja kwetu. Mwaka 1934 alifika Tanganyika akawa mkulima, kisha akachora majumba akiwa Nairobi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Waingereza walimweka kizuizini kwa kuwa ni Mjerumani. Baada ya kufunguliwa, serikali ya Uganda ilimpa kazi ya kupanga upanuzi wa mji wa Kampala, katika vilima vya Kololo na Naguru. Hapo tunaona jambo la kutuhuzunisha. Mtu yule aliyetaka kila mfanyakazi wa Frankfurt apate jua na bustani, alichora mji ambao makao yake yalitengwa kwa rangi za watu, kama ilivyokuwa desturi ya utawala wa kikoloni. Kalamu ilikuwa ile ile na ujuzi ule ule. Waafrika ambao wangekaa Naguru hawakuwa na sauti katika kuamua mji ugawanywe vipi. Katika miaka ya 1950 May alirudi Ujerumani, akafa mwaka 1970.

Wasikilizaji wapenzi, nyumba nyingi za Frankfurt zingali zinakaliwa, na moja katika mtaa wa Römerstadt imefanywa makumbusho, jiko lake likiwa limetengenezwa upya kama zamani. Neno ninalotaka mlichukue leo ni hili: watu wale walifanya jambo jema walipoona kwamba uchovu wa mwanamke jikoni ni jambo la kupimwa na kupunguzwa na mwenye kuchora majumba. Walikosa pale walipopima bila kuuliza. Siku utakapojenga, au halmashauri yenu itakapoleta ramani ya nyumba, pima hatua, lakini kwanza muulize atakayezipiga.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Kwa nini kuanguka kwa fedha mwaka 1923 kulisaidia kujenga nyumba mpya?

2. Taja mambo mawili mazuri ya jiko la Frankfurt, na mawili yaliyowaudhi wakaaji.

3. Kila mmoja aeleze hesabu ya hatua za jikoni kwake. Ni kitu gani kingeweza kusogezwa bila gharama? Wanaopika na waseme kwanza.

Juma lijalo tutazungumza juu ya majumba marefu yaliyojengwa Ulaya baada ya Vita Kuu ya Pili. Kwaherini.