Uzi: Safu ya tatu kwenye karatasi ya bei ya mafuta

Kila tarehe 14 ya mwezi, jioni, Kenya nzima inangoja karatasi moja. EPRA inatoa bei mpya, picha inasambaa kwa WhatsApp, na kama bei inapanda utaona foleni kwa vituo vya mafuta kabla saa sita usiku ifike. Asubuhi redio zinawaka. Mmoja anasema ni bei ya dunia, hakuna la kufanya. Mwingine anasema ni ushuru, wametumaliza. Ukisikiza vizuri, wote wawili wanaongea kuhusu petroli.

Lakini karatasi ile ina safu tatu. Petroli, dizeli, halafu mafuta taa. Safu ya tatu haina mtu wa kuipigia kelele kwa redio, na mimi naona ndiyo inayotufunza siasa ya mafuta kuliko hizo zingine mbili. Kwa hivyo uzi huu ni wa mafuta taa. Tutapitia petroli na gesi njiani, tulia tu.

Kwanza tuelewane kuhusu bei ya dunia, maana si uongo. Kenya haichimbi mafuta ya kujitosheleza. Yale ya Turkana yaligunduliwa 2012, malori yakaanza kuyabeba hadi Mombasa 2018, meli ya kwanza ikaondoka 2019, na hayajawahi kubadilisha bei ya lita moja kwa pampu ya Kenya. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, kilichoanza kazi 1963, kiliacha kusafisha 2013. Tunanunua mafuta yaliyosafishwa tayari, tunalipa kwa dola. Pipa likipanda, au shilingi ikianguka, tunaumia. Hakuna mwanasiasa wa upande wowote atakayebadilisha hilo kwa hotuba, hata akipiga meza namna gani.

Swali linalofaa kuulizwa ni kwamba mafuta yakishafika Kilindini, nani anaongezewa nini juu yake? Hapo dunia haihusiki. Hapo ni sisi.

Hadi Oktoba 1994 serikali ndiyo iliyopanga bei. Halafu soko likafunguliwa, kampuni zikaachiwa zijipangie. Ahadi ilikuwa kwamba ushindani utashusha bei. Mwaka 2008 ndio uliovunja imani ya wengi. Mwezi Julai pipa lilifika dola 147. Kufikia Desemba lilikuwa chini ya dola 40. Kwa pampu zetu bei ilipanda haraka, kisha ikakataa kushuka kwa kasi ile ile. Watu walilalamika, Bunge likalalamika, na Desemba 2010 udhibiti ukarudi kupitia tume ya kawi ya wakati huo, ERC, ambayo tangu 2019 ndiyo EPRA.

Fomula yenyewe si siri. Wanachukua gharama ya kufikisha mafuta Mombasa, wanaongeza usafiri wa bomba na lori, faida ya wauzaji, halafu ushuru na tozo. Ndiyo maana Mombasa hulipa kidogo na Mandera hulipa sana. Inayotangazwa ni bei ya juu kabisa anayoruhusiwa muuzaji. Fomula ilizuia wauzaji kujiongezea faida usiku. Haikuwahi kuzuia Bunge wala Hazina kuongeza ushuru. Hili watu wengi hawalijui, unakuta mtu anatukana EPRA kwa kitu ambacho mbunge wake alikipigia kura ya ndiyo.

Sasa mafuta taa.

Mwaka 2011 maisha yalikuwa magumu, unga na mafuta vimepanda pamoja, watu wako barabarani. Serikali ilipunguza ushuru wa dizeli na mafuta taa, halafu kwenye bajeti ya mwaka huo ikaondoa kabisa ushuru wa bidhaa kwa mafuta taa. Mantiki ilieleweka: hii ndiyo nishati ya maskini. Nyumba nyingi hazikuwa na stima. Mimi mwenyewe nimefanya homuwaki ya shule ya msingi kwa koroboi, na asubuhi ukipenga kamasi inatoka nyeusi. Ukiwa mtaani, stovu ya mafuta ndiyo ilikuwa jikoni yako, chini ya kitanda.

Lakini bei hiyo ya huruma ilizaa biashara nyingine. Lita ya dizeli ilikuwa inabeba ushuru wa bidhaa wa Sh10.30 na tozo ya barabara ya Sh12. Mafuta taa hayakubeba chochote kati ya hivyo. Sasa mtu mwenye lori la tangi, anayejua kwamba mafuta taa yanachanganyika na dizeli bila dereva kugundua mara moja, atafanya nini? Alichanganya. Injini za watu ziliharibika, serikali ikapoteza ushuru. Uchakachuaji ulikuwa wa kweli, si kisingizio.

Suluhisho lilikuwa la aina mbili. Ya kwanza ni kumshika mchanganyaji: kuweka alama kwenye mafuta, kukagua vituo, kufunga, kushtaki. Hiyo ilifanywa kiasi, na ni kazi ngumu, maana wachanganyaji si watu wadogo. Ya pili ni rahisi sana. Pandisha bei ya mafuta taa mpaka iwe karibu na ya dizeli, ili asiwepo mtu wa kuona faida ya kuchanganya. Mwaka 2016 ushuru wa bidhaa kwa mafuta taa ukarudishwa, Sh7.20 kwa lita. Bado tofauti ilikuwa kubwa.

Halafu ikaja Septemba 2018. Huu mwezi wasomaji wengi mnaukumbuka, lakini kwa sababu tofauti. Sheria ya VAT ya 2013 ilikuwa imesema bidhaa za mafuta zitatozwa asilimia 16, ila baada ya miaka mitatu. 2016 ikafika, wakaongeza miaka miwili, maana 2017 kulikuwa na uchaguzi (hesabu hiyo mfanye wenyewe). Mnamo Septemba 1, 2018 VAT ikaanza. Nauli zikapanda, wasambazaji wakagoma, vituo vikakauka. Baada ya wiki kama tatu za vurumai Bunge lilipitisha nusu, asilimia 8, na nchi ikapumua. Upande mmoja ulijigamba kwamba umesikiza wananchi. Upande wa pili ulijigamba kwamba umewalazimisha.

Ndani ya sheria hiyo hiyo ya fedha kulikuwa na kitu kingine. Tozo ya kuzuia uchakachuaji, Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa. Na ushuru wake wa bidhaa ukasawazishwa na wa dizeli. Ilipita wakati sisi tunashangilia asilimia 8.

Tazama hiyo namba 18. Wakati huo tozo ya barabara kwa petroli na dizeli ilikuwa imeshafika Sh18 kwa lita. Kwa hivyo stovu ya Kawangware ilianza kulipa kiasi kile kile ambacho lori lilikuwa likilipia barabara, ingawa stovu haijawahi kwenda hata Westlands. Kosa ni la mwenye tangi. Faini analipa anayepika.

Nitakuwa mkweli: ilifanya kazi. Matumizi ya mafuta taa yalianguka vibaya, na sehemu kubwa ya anguko hilo ilikuwa ni yale yaliyokuwa yakiishia kwenye dizeli. Na kuna hoja za afya ambazo siwezi kuzipuuza. Moshi wa mafuta taa unaua pole pole, watoto wamekunywa wakidhani ni maji, na mioto ya mitaa ya mabanda mara nyingi huanzia kwa stovu iliyopinduka. Kama lengo ni kuwatoa watu kwa mafuta taa, mimi niko ndani.

Lakini kuwatoa kwenda wapi? Hapa ndipo naona mdahalo wetu huwa unalala.

Wangeenda kwa makaa? Februari 2018, miezi saba kabla ya ile tozo, serikali ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii. Bei ya makaa mijini ikaruka. Nia ilikuwa nzuri, mito ilikuwa inakauka. Ila kwa nyumba moja, milango miwili ilifungwa ndani ya mwaka mmoja.

Wangeenda kwa gesi? Huo ndio ulikuwa mpango. VAT ya gesi iliondolewa 2016, na kukawa na mradi wa serikali wa Gas Yetu wa kuuzia familia maskini mitungi ya kilo 6 kwa bei nafuu. Mradi ulikwama baada ya mitungi mingi kupatikana na kasoro. Halafu Julai 2021 VAT ya asilimia 16 ikarudishwa kwa gesi. Mapema 2022 mtungi wa kilo 13 ukapita Sh3,000. Mwaka huo VAT ikashushwa hadi 8, na 2023 ikaondolewa kabisa. Fikiria wewe ni mama umejinyima, ukanunua meko, umeachana na stovu, halafu nchi inabadilisha mawazo mara tatu ndani ya miaka miwili. Utaiamini vipi?

Stima je? Kwa mwanga, ndiyo, imesaidia sana, koroboi imepungua. Sensa ya 2019 ilipata kama nusu ya nyumba zinatumia stima kwa mwanga. Kupika ni habari nyingine. Sensa hiyo hiyo: asilimia 55.1 ya nyumba zilipikia kuni, gesi 23.9, makaa 11.6, mafuta taa 7.8. Na wale wa matumizi madogo ya stima, ambao hupewa bei ya chini, kiwango chao kilipunguzwa 2023 kutoka uniti 100 hadi 30 kwa mwezi. Uniti 30 ukianza kupikia hazifiki mbali.

Turudi kwa karatasi. Kuanzia Aprili 2021 serikali ilianza kulipa sehemu ya bei ili isipande. Ruzuku hiyo ilitoka kwa tozo ya maendeleo ya petroli, iliyokuwa imepandishwa 2020 kutoka senti 40 hadi Sh5.40 kwa lita. Yaani pesa yako ikikurudia baada ya kuzunguka. Vita vya Ukraine vilipoanza 2022 ruzuku ililemea Hazina. Septemba 2022 ya petroli iliondolewa, ikafika Sh179.30 Nairobi, na nchi ikalia. Usiku huo huo mafuta taa yalipanda kwa Sh20, kutoka 127.94 hadi 147.94. Mwaka mmoja baadaye, Septemba 2023, VAT ikiwa tayari imerudi 16 na shilingi inaporomoka, petroli ilivuka 200 kwa mara ya kwanza, Sh211.64. Hiyo ndiyo ilikuwa kichwa cha habari kila mahali.

Angalia safu ya tatu ya mwezi huo: dizeli Sh200.99, mafuta taa Sh202.61. Mafuta ya stovu yalikuwa ghali kuliko ya lori. Oktoba yakafika 205.06, senti 41 tu chini ya dizeli. Uchakachuaji gani tena ulikuwa unazuiwa hapo kwa Sh18?

Sitetei ruzuku ovyo. Ruzuku kwa kila lita humsaidia zaidi anayenunua lita nyingi, na mwenye V8 anajaza tangi kuliko boda. Dizeli angalau inaingia kwa matatu na lori la unga, kwa hivyo inafika mezani kwa njia ya nauli na sukuma. Lakini mafuta taa ni tofauti. Hayanunuliwi na tajiri. Na hayanunuliwi kwa lita. Unaenda kwa pampu ya mtaani na chupa, unasema nipimie ya fifti. Bei ikipanda, hutoi mia. Unatoa ile ile hamsini, unapata kidogo, halafu unabadilisha chakula. Maharagwe yanachukua saa mbili, kwa hivyo unayanunua yakiwa yamechemshwa na mama wa barabarani, kwa bei yake. Chai inachemka mara moja, inawekwa kwa thamosi. Hayo hayaonekani kwa karatasi ya tarehe 14.

Jambo moja la mwisho kuhusu nani anaamua. Juni 2024 vijana tuliingia barabarani, watu wakafa, na Mswada wa Fedha ukatupwa. Mwezi uliofuata tozo ya barabara ikapandishwa kutoka Sh18 hadi Sh25 kwa lita, kwa tangazo la wizara, bila mswada mwingine wa fedha. Kuna ushuru unaopita Bungeni ukiwa na kelele, na kuna unaoingia kupitia gazeti rasmi la serikali.

Tozo ya Sh18 ya mafuta taa ilipita kwa njia ya kwanza, kwa hivyo inaweza kuondolewa kwa njia hiyo hiyo. Kila mwaka kuna mswada wa fedha, na kila mwaka kamati ya Bunge hupokea maoni ya umma. Bei ikiwa chini, hoja ya kuzuia uchakachuaji inaeleweka. Mafuta taa yakishakuwa sawa na dizeli, mtu wa kamati aulizwe tozo hiyo inafanya kazi gani. Mimi nimesikiza midahalo mingi ya mafuta tangu 2022, ya TV na ya Spaces, na sijawahi kusikia mwenyekiti akiuliza swali hilo.