Kioo cha mbele kikijaa mvuke asubui: namna ya kukikausha na kuzuia usirudie

Mu miji na vijiji vya juu vya Kivu, gari nyingi zinatoka mapema, kabla jua halijapasha barabara. Lubero iko karibu meta 1 900 juu ya bahari, Butembo inapita meta 1 700, na Goma na Bukavu, kando ya ziwa Kivu, ziko karibu meta 1 500. Asubui kuko baridi, watu wanapanda, milango inafungwa, na kiisha dakika mbili kioo cha mbele kinakuwa cheupe. Shofere anapangusa na kiganja, anapata tundu kidogo ya kuchungulia, anaondoka.

Pale njo hatari inaanzia. Saa ile ile, pembeni ya barabara kuko wanafunzi, wamama wanaoelekea soko, wamotari na watu wa chukudu, na wengi wao hawana taa. Kukausha kioo kunaomba dakika tatu ao ine tu, kama mtu anajua mvuke unatoka wapi.

Mvuke unatoka wapi?

Hewa inabeba maji ambayo jicho halioni. Hewa ya moto inabeba mengi, hewa ya baridi inabeba kidogo. Ku digri 20, meta kibiki moja ya hewa inaweza kubeba karibu gramu 17 za maji. Ku digri 10, ni gramu 9 tu. Hewa ya ndani ya gari ikigusa kioo cha baridi, maji yenye kuzidi yanabakia ku kioo, sawa vile chupa ya kinywaji cha baridi inatoka jasho ku meza.

Maji hayo wanayaleta watu wenyewe: pumzi, makoti yaliyolowana na mvua, viatu vya matope, mifuko ya lengalenga ao ya samaki. Njo maana taksi yenye watu saba inafunga kioo mbio kuliko gari ya mtu mmoja. Na shofere wa lori aliyelala mu kabini, milango yote imefungwa, ameipumulia usiku muzima.

Kwanza, kujua ni upande gani

Mbele ya kufanya chochote, pitisha kidole ku kioo kwa ndani. Kikiacha mstari, mvuke uko ndani. Kisipoacha, ni umande wa inje: fagio za kioo, ama eswiglasi, zinautosha mara moja.

Kama kioo ni safi pande zote mbili na bado barabara haionekani, basi ni ukungu wenyewe, sawa vile unaojaza mabonde ya Lubero na Masisi. Huo haukaushwi. Shofere anawasha taa fupi na kwenda polepole. Taa ndefu zinapiga ukungu na kurudisha mwangaza machoni mwake.

Gari yenye klima

Wengi wanazani klima ni ya kuleta baridi tu, basi wanaizima asubui. Kumbe kazi yake ingine ni kukausha hewa: hewa inapita ku mabomba ya baridi, maji yanabakia pale, kiisha yanatonya chini ya gari. Kwa hiyo:

1. Washa motere, elekeza hewa ku kioo cha mbele, kwa nguvu yote.
2. Weka hewa ya moto, na uwashe klima pamoja nayo. Moto unapasha kioo, klima inakausha hewa.
3. Zima buto yenye picha ya gari na mshale unaozunguka ndani. Buto hiyo inafungia hewa ya ndani, na ile hewa njo yenye maji. Mashofere wengi wanaiacha juu ya vumbi ya barabara, kiisha wanashangaa kioo hakikauki.
4. Fungua dirisha kidogo, dakika moja ao mbili.
5. Ngojea kioo chote kikauke, na vioo vya milango pia, ndipo uondoke.

Gari isiyokuwa na klima

Gari nyingi za kazi ziko hivi. Hapa dawa ni kuachia hewa yenye maji njia ya kutoka. Fungua madirisha mawili, moja kila upande, upana wa vidole viwili, ili hewa ipite mu gari. Hata mvua ikinyesha, tundu kidogo pale juu inasaidia. Abiria watalalamikia baridi, lakini ni ya dakika chache. Kama gari ina hewa ya moto, ielekeze ku kioo.

Kioo kipanguswe na kitambaa kikavu na safi, gari ikiwa imesimama. Hapana na kiganja: mkono una mafuta, na mafuta yale yanabakia ku kioo. Usiku, taa za gari inayokuja zikiyapiga, zinatawanyika na kufunga macho ya shofere.

Kuzuia mbele ya asubui

Kioo kichafu kinashika mvuke mbio kuliko kioo safi. Ndani ya kioo kuoshwe kila juma, kwa sababu moshi, vumbi na mafuta vinajikusanya pale bila kuonekana.

Kiisha kuosha, tone moja ya sabuni ya maji inatosha. Weka ku kitambaa chenye unyevu, pakaa kioo chote kwa ndani, kiisha sugua na kitambaa kikavu mpaka sabuni isionekane tena. Sabuni haizuii maji kufika, lakini inayatandaza sawasawa, hayafanyi matone, na kioo kinabakia wazi. Inadumu siku chache, kiisha inarudiliwa.

Jioni, tapi za miguu zitoshwe na kuanikwa, na mizigo yenye maji isilale mu gari. Mipira ya milango iangaliwe: ikipasuka, mvua inaingia na kulala chini ya tapi. Majani yaliyojaa chini ya kioo cha mbele, pale maji yanapotokea, yaondolewe.

Alama moja isizarauliwe. Kama mvuke unarudi kila mara hewa ya moto ikiwashwa, unaacha mafuta ku kioo, kuko harufu tamu ndani ya gari, na maji ya radiateri yanapunguka, kadiateri kadogo ka hewa ya moto kanavuja. Hiyo ni kazi ya fundi, kitambaa hakiwezi.

Yasiyofaa kufanywa

Hapana kumwanga maji ya moto ku kioo cha baridi. Kioo kilichokwisha kupigwa na jiwe kinaweza kupasuka mpaka mwisho.

Hapana kuingiza mbabula mu kabini ili kupata joto, na hapana kupasha motere ndani ya garaji iliyofungwa. Makala na motere vinatoa gazi isiyo na rangi wala harufu, inayoua mtu mu usingizi. Kioo kitakauka, lakini shofere hataamka.

Volan ya kuume, na joto la Ruzizi

Gari nyingi za hapa ziko na volan upande wa kuume, na Congo tunapita kuume. Kwa gari hizo, shofere akitaka kupita ingine, anapashwa kuangalia kupitia upande wa kushoto, pale abiria wamekaa na kupumua. Basi kioo cha mlango wa kushoto kikaushwe sawa vile cha mbele.

Kwa wanaotoka Bukavu kwenda Uvira, mambo yanaweza kugeuka. Mukishuka Ngomo na kufika mu bonde la Ruzizi, hewa ya inje ni ya moto na yenye maji. Klima ikipulizia kioo baridi, mvuke unakaa inje. Hapo tumia eswiglasi, na uondoe ile hewa ya baridi ku kioo.

Wamotari nao wanajua shida hii: pumzi inafunga kioo cha kaske. Ile sabuni inasaidia pia, na kioo kifunguliwe kidogo wakati wa kwenda polepole.

Na abiria je? Akiona shofere anatafuta njia kupitia tundu ya kiganja, amuombe asimame na afungue madirisha. Kuchelewa dakika tatu si kitu, mbele ya mtoto anayevuka barabara na ambaye hakuna mtu mu gari aliyemuona.