John Akii-Bua: Polisi wa Uganda aliyevunja rekodi ya dunia akitokea njia namba 1

Ukiwa Chato, Uganda ni majirani tu, tunachangia nao Ziwa Victoria. Lakini ukiwauliza vijana wengi hapa John Akii-Bua ni nani, utaona wanatazamana. Huyu ndiye aliyeipa Uganda medali yake ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki, na aliipata kwenye mbio ambazo Waafrika hawakutegemewa kabisa: mita 400 kuruka viunzi.

Alianzia wapi?

Alizaliwa Desemba 3, 1949 kaskazini mwa Uganda, kwenye jamii ya Walango. Alijiunga na polisi, na huko ndiko kipaji chake kilikoonekana. Mwaka 1970 alishika nafasi ya 4 kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Edinburgh. Kocha wake alikuwa Mwingereza, Malcolm Arnold.

Munich, Septemba 2, 1972

Fainali ya Olimpiki. Akii-Bua anapangiwa njia namba 1, ile ya ndani kabisa. Wakimbiaji wengi hawaitaki kwa sababu kona zake ni kali, na kwenye mbio hizi unaruka viunzi 10 vyenye urefu wa sentimita 91.4 kila kimoja. Ukikosea hatua moja, umekwisha.

Yeye alikuwa na silaha yake: aliweza kuruka kwa kutanguliza mguu wowote, wa kulia au wa kushoto.

Alimaliza kwa sekunde 47.82, rekodi mpya ya dunia. Hakuna mtu aliyewahi kushuka chini ya sekunde 48 kabla yake. Nyuma yake alikuwa Mmarekani Ralph Mann (48.51), kisha Mwingereza David Hemery (48.52), ambaye ndiye aliyekuwa anashikilia rekodi. Baada ya hapo jamaa hakusimama: aliendelea kuzunguka uwanja kwa furaha huku akirukaruka.

Siasa zikaingia kati

Mwaka 1976 alitakiwa kutetea dhahabu yake Montreal. Hakukimbia. Nchi nyingi za Afrika zilisusia michezo hiyo kupinga New Zealand, ambayo timu yake ya raga ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Tanzania nayo ilisusia, na Filbert Bayi, aliyekuwa na rekodi ya dunia ya mita 1500, akabaki nje. Kule Montreal, Mmarekani Edwin Moses akachukua dhahabu na rekodi ya Akii-Bua kwa 47.64.

Nyumbani nako hali ilikuwa mbaya. Utawala wa Idi Amin ulimsifia kama shujaa, lakini Walango wengi waliuawa chini ya utawala huohuo. Vita ya Kagera ilipofika Kampala mwaka 1979, Akii-Bua alikimbilia Kenya na kujikuta kambi ya wakimbizi. Kampuni ya viatu ya Puma ndiyo iliyomsaidia kufika Ujerumani.

Mwaka 1980 alirudi uwanjani, Moscow, lakini aliishia nusu fainali. Makali yalishapita. Michezo hiyohiyo Bayi alipata medali ya fedha, mita 3000 kuruka viunzi na maji.

Alichoacha

Baadaye alirudi Uganda, na akafariki Kampala Juni 20, 1997 akiwa na miaka 47. Uganda ilisubiri miaka 40 kupata dhahabu nyingine ya Olimpiki, ya Stephen Kiprotich kwenye marathoni, London 2012.

Unataka kujua 47.82 ilikuwa kali kiasi gani? Mwaka 2015 Mkenya Nicholas Bett alikuwa bingwa wa dunia wa mbio hizohizo kwa sekunde 47.79. Miaka 43 imepita, tofauti ni sekunde 0.03 tu. Bett alitokea njia namba 9, ya nje kabisa.